MWENYE NURU AWE WA KWANZA KUSHUSHA TAA

Masomo: Zaburi 119:105; Matayo 5:14-16 na 5:38-42; Waroma 12:17-21



Katika ukurasa huu tunataka kusema nanyi juu ya taa za motokari. Msishangae. Bwana wetu Yesu alipofundisha hakutafuta mifano ya mbali. Alitwaa chachu ya mama anayekanda unga, mbegu ya mkulima, wavu wa mvuvi, taa ya nyumbani. Kama angepita leo katika njia ya Butembo kwenda Lubero saa mbili za usiku, tunaamini angesimama pembeni kidogo, angetazama namna makamio na pikipiki zinavyopishana, na pale pale angepata somo la kutufundisha. Basi na sisi tusimame pamoja naye tutazame.

1. USIKU WETU

Sisi tunakaa kwenye ikweta. Mstari huo unapita kati ya mji wa Butembo na Lubero. Kwa sababu hiyo usiku wetu una karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Tena jua letu halichelewi kuaga. Kufika saa kumi na mbili za jioni linashuka nyuma ya milima, na haipiti nusu saa giza limefunga. Mtu aliyesema "nitafika kabla ya giza" mara nyingi giza ndilo linalomkuta njiani.

Miaka ya vita imetufunza kubaki nyumbani usiku, na ni vizuri. Lakini maisha hayana saa. Kuna mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, kuna mgonjwa wa kupeleka hospitali, kuna kamio ya viazi na kabichi iliyokwama katika matope mchana kutwa na sasa inatafuta kufika soko la Butembo. Ndiyo maana usiku barabara haikosi watu. Na si wenye motokari tu. Yuko kijana wa chukudu anayeshuka mlima na mzigo, hana taa hata moja. Yuko mama mwenye mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, macho yake chini. Yuko mtoto aliyetumwa mafuta. Hawa wote hawana nuru yao. Maisha yao yanategemea taa ya mtu mwingine, na moyo wa yule anayeishika.

Wapendwa, hilo ni jambo la kwanza la kulikumbuka: taa iliyo mbele ya motokari yako haikuwekwa kwa ajili yako peke yako.

2. NURU YA MITA ARUBAINI

Mashofere wetu wanajua maneno mawili: kode na fare. Fare ni taa ndefu, inayotazama mbali. Kode ni taa fupi, inayotazama chini, mbele ya magurudumu. Katika taa nyingi zilizozoeleka kwetu ni ampule moja inayofanya kazi zote mbili. Ndani yake kuna nyuzi mbili zinazowaka kwa zamu, na chini ya uzi wa kode kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande juu. Fundi aliyeitengeneza alifikiri kwanza juu ya macho ya yule anayekuja mbele.

Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya barabara yanataka fare ionyeshe njia kwa mita 100 kwa uchache, na kode kwa mita 40. Nchi yetu nayo, wakati ilipoitwa Zaire, iliandika kode yake ya barabara kwa sheria ya tarehe 30 Agosti 1978.

Sasa tufanye hesabu. Motokari inayokwenda kilomita 60 kwa saa inapita karibu mita 17 katika sekunde moja. Shofere akiona mtu mbele, inapita sekunde moja au zaidi kabla mguu wake haujakanyaga freni. Kisha motokari yenyewe inahitaji mita 20 au zaidi ili isimame kwenye njia kavu. Jumla tayari ni mita 40. Hiyo ndiyo nuru yote ya kode, imekwisha. Na kwenye utelezi wa matope, au na kamio yenye mzigo, haitoshi kabisa. Anayekimbia kilomita 80 na kode peke yake, huyo hatembei tena katika nuru. Anatembea gizani na taa zinawaka.

Tazameni namna Neno la Mungu lilivyo na hekima. Mwandishi wa Zaburi ya 119, katika mstari wa 105, anasema juu ya taa ya miguu. Hakuomba jua la kuonyesha nchi yote mpaka mwisho wa safari. Wengi wetu tunamlilia Mungu atuonyeshe yote: vita vitaisha lini, mtoto ataoa nani, biashara ya mwaka kesho itakuwaje. Na tusipoonyeshwa, tunakimbia tu kwa nguvu zetu. Lakini Mungu anatupa mita arubaini. Ukitembea ndani yake kwa mwendo unaostahili, unapewa arubaini nyingine. Hakuna shofere aliyeiona Beni akiwa Butembo, na kumbe ni kilomita zaidi kidogo ya hamsini tu. Anafika kwa sababu nuru inakwenda pamoja naye. Kosa liko pale tunapokimbia kuliko nuru tuliyopewa.

3. WANAOPOFUSHA WENGINE BILA KUJUA

Sasa tuje kwenye kupishana. Wako watu wanaopofusha wenzao barabarani wala hawajui. Tunawahesabu wanne.

Wa kwanza ni yule aliyepakia vibaya. Kamio ikibebeshwa mzigo mkubwa mno nyuma, matako yake yanashuka na pua inainuka. Shofere ameweka kode, anajiona mwenye haki, lakini kode yake inapiga machoni mwa watu kama fare. Ni mzigo wa nyuma uliopandisha taa ya mbele. Ndugu, tuna mizigo ya nyuma sisi pia: uchungu wa zamani, maneno ya mirathi, ugomvi wa shamba ulioanza tangu babu. Tunaingia kanisani na neno zuri la Mungu mdomoni, lakini kwa sababu ya mzigo ule, neno letu linawachoma watu badala ya kuwaangazia.

Wa pili ni yule mwenye taa ya njia nyingine. Motokari nyingi zetu zinatoka Japani, zinashuka bandarini Mombasa, zinapita Uganda na kuingia kwa mpaka wa Kasindi. Katika nchi hizo zote watu wanaendesha upande wa kushoto. Taa zao zimetengenezwa ili kode ipandishe mwanga kidogo upande wa kushoto, kuonyesha pembeni ya barabara na watu wanaotembea huko. Ukivuka mto Lubiriha na kuingia Kongo, unahamia upande wa kulia, lakini taa haijui. Inaendelea kupandisha mwanga kushoto, na kwetu kushoto ndiko wanakotoka wenzako. Taa ile si mbaya. Ilikuwa nzuri kule ilikotoka. Hapa inataka kubadilishwa, au fundi azibe sehemu ile ya kioo inayorusha mwanga kushoto. Vivyo hivyo mtu anaweza kuleta desturi nzuri ya mahali pengine, akaisimamisha kati yetu bila kuipatanisha na njia yetu, kisha akashangaa kwa nini watu wanafunga macho.

Wa tatu ni yule aliyenunua ampule kali kuliko taa yake. Siku hizi kuna ampule nyeupe sana za bei ndogo. Zikitiwa katika taa iliyotengenezwa kwa ampule ya kawaida, mwanga unatawanyika ovyo, juu na pembeni. Mwenyewe anafurahi: njia yangu inang'aa! Lakini anayemkabili haoni kitu. Nuru nyingi isiyo na mpango haifai kuliko nuru ya kadiri iliyoelekezwa.

Wa nne ni mwenye jicho moja. Motokari yenye taa moja iliyokufa inaonekana kwa mbali kama pikipiki. Anayekuja anafikiri: ni motari tu, nafasi inatosha. Anasogea katikati, na kumbe mbele yake ni kamio nzima. Mara ngapi jambo hili limeleta kilio! Nusu ya ukweli ni hatari hivyo hivyo. Mtu anakuonyesha upande mmoja wa maisha yake, unajipanga kwa kadiri ya ule upande, kisha unagongwa na upande aliouficha gizani.

4. ANAYELIPIZA MWANGA KWA MWANGA

Hao wanne hawajui wanalofanya. Lakini yuko wa tano, na huyu ndiye aliyetufanya tuandike ukurasa huu.

Shofere anakuja na kode yake vizuri. Mbele anatokea mwingine na fare kamili. Wa kwanza anawasha na kuzima mara moja, kumkumbusha. Yule hashushi. Hapo hasira inapanda: "Ananidharau? Nami nitamwonyesha!" Anapandisha fare yake. Sasa ni wawili, kila mmoja amemtupia mwenzake mwanga wote alio nao. Mkienda kilomita 60 kila mmoja, katika sekunde tatu mmesogeleana mita 100. Na jicho lililopigwa na mwanga mkali halirudi mara moja; linataka sekunde kadhaa, na jicho la mzee linataka nyingi zaidi. Kwa hiyo wote wawili wanapishana vipofu, katika barabara nyembamba, korongo upande mmoja, na pembeni yupo mama yule mwenye mzigo mgongoni ambaye hakuna hata mmoja anayemwona. Waliogombana ni mashofere. Anayekufa ni mama.

Ndugu zetu, je, hamwoni kwamba hii ni habari ya Kivu yetu? Huyu alipigwa, akapiga. Kijiji hiki kililia, kikaliza kingine. Kila mmoja anasema, "Yeye ndiye aliyeanza kupandisha." Labda ni kweli. Lakini ukweli ule haukurudishia macho yako. Aliyelipiza haoni vizuri zaidi ya aliyeanza. Na wanaolala kaburini wengi ni wale waliokuwa wanatembea tu pembeni.

Tena tusifikiri habari hii ni ya watu wa silaha peke yao. Nyumbani mwetu mume amenyamaza siku tatu, na mke naye anajibu kwa kunyamaza wiki. Katika kanisa kwaya moja haisalimu kwaya nyingine. Ndugu wawili wa tumbo moja wanapitana njiani na mashtaka juu ya mpaka wa shamba. Kila mmoja ana mwanga wa haki yake, na ameuelekeza wote machoni pa mwenzake.

Bwana Yesu katika Matayo 5:38-42 alikumbusha sheria ya zamani ya jicho kulipwa kwa jicho, na akaifunga. Mtume Paulo, akiwaandikia Waroma, sura ya 12, naye akakataza kulipa uovu kwa uovu, akamwachia Mungu kisasi. Wako wanaosema mafundisho haya ni ya watu wanyonge. Basi waende barabarani usiku wakajaribu yale mengine.

Na wakumbuke ukungu. Wale wanaopanda milima ya Lubero wanaujua. Ukungu ukishuka, shofere mgeni anapandisha fare apate kuona zaidi. Anapata nini? Matone madogo ya maji yaliyo hewani yanamrudishia mwanga wake usoni, anabaki mbele ya ukuta mweupe. Shofere mzoefu anashusha kode, anapunguza mwendo, anafuata ukingo wa barabara. Si kila giza linashindwa kwa kuongeza nguvu.

5. KUSHUSHA SI KUZIMA

Hapa mmoja wenu atauliza: "Lakini Bwana alisema katika Matayo 5 kwamba taa haiwekwi chini ya kapu. Nikishusha nuru yangu, je, siifichi?"

Swali ni zuri. Jibu liko katika taa yenyewe. Anayeshusha hazimi. Kode inawaka bado, njia inaonekana, miguu ya mtembeaji inaonekana. Kilichobadilika ni mahali nuru inapoelekea: imeondoka usoni mwa mwenzako, imekuja chini mahali mtakapopita ninyi wote. Mtu anayeficha nuru chini ya kapu ni yule kijana wa pikipiki anayezima taa kabisa ili kutunza betri, au kwa sababu hataki aonekane. Huyo ndiye aliyeficha. Kanisa halikuitwa kuzima taa kwa woga, wala halikuitwa kuwachoma watu macho. Tumeitwa kuangaza chini, njiani.

Na kushusha si kumwachia mwingine barabara. Mashofere wazee wanajua la kufanya mtu akikataa kushusha. Usitazame mwanga wake. Punguza mwendo, geuza macho yako kwenye ukingo wa kulia wa barabara, ushike upande wako bila kuvuka, na kama haiwezekani, simama. Unabaki katika haki yako, lakini hukuifanya kuwa silaha. Kusamehe ni hivyo hivyo. Mwenye kusamehe hasemi uovu ni wema, wala hahami kutoka kweli. Anakataa tu kuwa kipofu wa pili.

Sasa, kati ya wawili, nani ashushe kwanza? Mkubwa au mdogo? Kamio au pikipiki? Aliyekosa au aliyekosewa? Sisi tunawajibu: yule aliye na nuru. Kama umemjua Kristo, usingoje. Anayengoja mwenzake aanze, na mwenzake naye anangoja, na barabara inazidi kuwa fupi kati yao.

6. MAMBO TUNAYOWAOMBA

Neno bila tendo ni betri bila asidi. Kwa hiyo tunawaomba haya.

Wenye motokari na pikipiki, jioni moja ya Jumamosi leteni vyombo vyenu kwenye kiwanja cha kanisa kilicho sawa. Simamisheni mita 10 mbele ya ukuta na muwashe kode. Ukingo wa juu wa mwanga uwe chini ya kimo cha taa yenyewe, kama sentimita 10. Ukipanda juu ya hapo, mwite fundi aurekebishe. Na kamio itazamwe ikiwa na mzigo wake. Tunapenda kila mmoja apimwe nuru yake mbele ya ukuta wa nyumba ya Mungu kabla hajakutana na mtu njiani.

Kila jioni kabla ya kuondoka, pangusa kioo cha taa. Vumbi la kiangazi na matope ya mvua hula nusu ya nuru, na mwenyewe anadhani taa inazeeka.

Vijana wetu wamotari, taa ikifa, lala pale ulipo. Parokia yenye sanduku la msaada isione haya kumnunulia ndugu ampule. Ampule ni bei ndogo kuliko sanduku la maiti.

Mnaotembea kwa miguu, shikeni upande wa kushoto ili muone zinazokuja. Vaeni nguo nyeupe au mjifunge kitambaa cheupe, kwa maana nguo nyeusi shofere anaiona amechelewa. Wa chukudu, bandikeni mbele na nyuma kitu kinachorudisha mwanga.

Wazee wa parokia, mkesha wa maombi uende mpaka kupambazuke. Msiwatoe kina mama na watoto usiku wa manane wakaanze kutafuta njia. Wala kwaya isirundikwe usiku juu ya kamio kwa sababu ya haraka ya sherehe.

Na wewe abiria, usikae kimya. Mwambie shofere kwa heshima, "Kaka, shusha kode, mwenzetu anakuja." Ukiwa umemwambia hivyo, umehubiri.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, wewe ambaye wazee wetu walikuita Nyamuhanga kabla hatujasoma kitabu, wewe uliyeumba mchana na usiku, utazame barabara zetu. Uwalinde wote wanaosafiri gizani kwa lazima. Uondoe mizigo ya nyuma inayoinua macho yetu kwa kiburi. Utufundishe kutembea katika kadiri ya nuru uliyotupa. Na tunapokutana na yule anayetuchoma macho, utupe nguvu ya kuwa wa kwanza kushusha, ili na yeye aione njia, na mama yule anayetembea pembeni afike nyumbani kwake. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni sisi watumishi wenzenu katika shamba la Bwana.